Maswali yenu: Pak Haji, Gus, Habib, Romo... kule Indonesia nani anaitwa nini?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba Waindonesia hawaitani majina matupu, nikaendelea na mambo mengine, na sikutegemea kabisa mngeniandikia namna hii. Kumbe wasomaji wetu wengi mna shughuli na Indonesia, wengine wanafunzi, wengine mnachukua mzigo wa nguo Jakarta, wengine mna padre wa kutoka huko parokiani. Basi safu yote leo ni hiyo. Nimesoma Java na haya mambo ya kuitana kidini nayapenda mno, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha, hasa swali la kwanza.

SWALI (msomaji, Tanga): Shikamoo dada. Nimepata skolashipu ya kwenda kusoma Yogyakarta, nimeanza kujifunza Kiindonesia kwenye simu na inanifundisha kwamba "wewe" ni kamu au Anda. Ila jamaa yangu aliyetangulia kule ananiambia nisithubutu kumwambia ustadhi au mwalimu maneno hayo. Sasa nitamwitaje mtu nikiwa naongea naye uso kwa uso? Na hao makiai ninaowasikia ndo mashehe wao ama?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Huyo jamaa yako msikilize kuliko simu. Kamu ni ya rafiki, ya mdogo wako, ya mpenzi, na Anda ni ya kwenye fomu za benki na matangazo ya barabarani, mtu mzima ukimwambia Anda ana kwa ana anasikia kama umemweka mbali. Wao wanachukua cheo cha mtu wanakiweka pale ambapo sisi tungeweka wewe. Mwalimu wa dini unamuuliza Pak Ustaz mau minum apa, yaani kama umesema "Ustadhi anataka kunywa nini" na aliyekaa mbele yako ni yeye huyo huyo. Sisi tukisema "Shehe utakunywa nini" ile u ya wewe bado imo kwenye kitenzi hata tutie heshima vipi, lakini kitenzi chao hakibebi mtu, kwa hiyo ukikosa cheo cha kumwita mtu umekosa na sentensi yenyewe, unabaki kubabaika. Ndo maana Mwindonesia akikutana na mgeni kitu cha kwanza kichwani ni huyu nimwiteje, anaangalia umri, anaangalia lafudhi katokea kisiwa gani, anaangalia kofia nyeupe au nyeusi, anaangalia mke wake amevaaje, yote hayo kwa sekunde mbili tu.

Sasa ngazi zenyewe. Pak ni kifupi cha Bapak, yaani baba, Bu ni Ibu, mama, na hizo mbili hazikuangushi popote pale, padre, shehe, mchina wa duka la simu, wote. Mwalimu wako wa chuo mwite Pak au Bu na jina lake la kwanza, akiwa profesa Prof, inatosha. Ustaz (mwanamke ni ustazah) ni yeyote anayefundisha dini kuanzia yule wa watoto wa jioni msikitini mpaka wale mastaa wa runinga, hakuna mtihani wala cheti cha kuitwa hivo, na hilo limeshaleta zogo kweli kweli. Mei 2018 Wizara ya Dini ilitoa orodha ya wahubiri 200 inaowapendekeza na nchi nzima ikaanza kuuliza fulani mbona hayumo, fulani kaingiaje. Mimi nadhani wizara ilikosea njia, kwa sababu kule uustaz watu ndo wanaoutoa kwa midomo yao kila siku, serikali haiwezi kuupimia kilo.

Kiai ni kitu kingine, usidhani ni ustaz aliyezeeka. Kiai ni neno la Java na Madura, mara nyingi ni mtu mwenye pesantren, chuo cha dini cha bweni, anaishi humo humo na wanafunzi wake wanaoitwa santri, na watu wanaomzunguka ndo wanaomwita kiai, hakuna ofisi yoyote inayogawa. Akiwa ameshahiji anaandikwa K.H., yaani Kiai Haji, mbele ya jina. Ukiwa mbele yake unasema Yai, akiwa mzee sana Mbah Yai, mbah ni babu, na santri hawasimami wima mbele yake, wanainama, wanabusu mkono, wakiongea Kijava wanachagua maneno ya daraja la juu, "wewe" inakuwa panjenengan. Na neno lenyewe ni la kale kuliko vyuo hivi, Wajava wanaliweka kwenye chochote wanachokistahi, majambia ya ukoo yanaitwa kiai, seti za ngoma za gamelan za ikulu zinaitwa kiai, na kule Surakarta wapo nyati weupe wa ikulu wanaoitwa Kyai Slamet, usiku wa mwaka mpya wa Kijava wanatangulia kwenye msafara na mji mzima unajaa barabarani. Hapo hamna dhihaka hata chembe, ukicheka utawaumiza watu.

Mke wa kiai ni Bu Nyai, na naomba hapa ushike sana, usiseme nyai peke yake. Wakati wa Waholanzi nyai alikuwa mwanamke wa kienyeji aliyewekwa kinyumba na mzungu bila ndoa, na hilo kovu lipo mpaka leo kwenye masikio ya watu, ila Bu Nyai wa pesantren ni heshima kubwa, na sio heshima ya kuolewa tu maana wengi wanafundisha na kuendesha vyuo wenyewe. Aprili 2017 wanazuoni wanawake walikusanyika kwenye pesantren moja ya Cirebon ambayo mkuu wake ni Bu Nyai, wakatoa fatwa pamoja na mambo mengine dhidi ya kuozesha watoto, na mwaka 2019 sheria ya ndoa ikabadilishwa, umri wa msichana kuolewa ukapanda kutoka 16 hadi 19. Mtu akikuambia hivi vyeo ni maua tu ya mazungumzo mkumbushe hilo.

Halafu kuna watoto. Mtoto wa kiume wa kiai ni Gus, wa kike ni Ning, na wanaitwa hivo tangu wakiwa wadogo wanatambaa. Gus anayejulikana duniani ni Gus Dur, Abdurrahman Wahid, rais wa nne wa Indonesia 1999 mpaka 2001, babu yake Hasyim Asy'ari ni mmoja wa walioanzisha Nahdlatul Ulama, jumuiya kubwa ya Kiislamu, mwaka 1926. Yaani rais wa nchi, na mtaani ni Gus tu, wala huoni kama wamemshusha, ni mapenzi. Ila cheo cha kuzaliwa nacho kina mtihani wake, na siku hizi Gus wamekuwa wengi, wengine ukoo wao wa kiai hata hauonekani vizuri. Mwishoni mwa 2024 mhubiri mmoja maarufu mwenye hiyo Gus mbele ya jina alimtolea neno la kumdhalilisha muuza chai ya barafu mbele ya umati kule Magelang, video ikasambaa, watu wakachukia vibaya mno, mpaka akaachia nafasi yake ya mjumbe maalum wa rais. Mimi niliona haki imetendeka kwa sababu Gus ni amana ya baba na babu, huwezi kuitumia kumkanyaga mtu anayehangaika na sinia lake kichwani.

Ukitoka Java majina yanabadilika na hapa ndo wageni wengi wanapotea. Wasunda wa Java Magharibi wana ajengan, Madura mtoto wa kiai ni lora, Lombok ni Tuan Guru, Waminangkabau wa Sumatra wana Buya, Aceh ni Teungku na wakubwa Abu, Wabugis wa Sulawesi Kusini wanasema Gurutta. Ukimwita mzee wa Minangkabau kiai hatokasirika, ila atajua umejifunzia Java.

Mwisho kwa sababu wewe unaenda Yogyakarta, huko ndo ilikozaliwa Muhammadiyah, jumuiya nyingine kubwa ya Kiislamu, 1912, mwanzilishi K.H. Ahmad Dahlan. Watu wa Muhammadiyah kwa jumla hawajazi sana vyeo, viongozi wao wengi utasikia Pak fulani tu, wakati watu wa Nahdlatul Ulama ni Kiai, Gus, Ning, kubusu mkono na mambo yote. Ukialikwa kwenye darsa kaa kimya kwanza dakika kumi usikilize wenzio wanamwitaje mzungumzaji, na wewe fuata hivo hivo.

SWALI (mama mfanyabiashara, Kariakoo): Assalaam aleikum mwanangu. Mimi nachukua nguo Tanah Abang, Jakarta. Wale wauzaji kila nikipita "Bu Haji, Bu Haji, murah Bu Haji", yaani bei rahisi. Mimi sijahiji bado, Mungu hajanijaalia. Nanyamaza lakini roho inanisuta, naona kama naitikia cheo kisicho changu. Niwasahihishe?

JIBU: Wa aleikum salaam mama, na Mungu akujaalie uende. Roho yako isikusute hata kidogo, wale vijana wameona hijabu, wameona mama wa makamo ana pochi nono, basi Bu Haji. Baba mwenye kofia nyeupe ni Pak Haji, kijana ni Bos, msichana ni Kakak, ndo lugha ya soko kubwa la nguo lile na wanunuzi kutoka Afrika mnaitwa hivo hivo miaka yote. Hajashuhudia kwamba umehiji, amekuombea tu ukae kwenye hadhi hiyo. Waindonesia wenyewe wakiitwa hivo na hawajaenda utasikia wanajibu Amin, doakan ya, yaani amin, niombee, na wewe jibu hivo hivo mama, watakupenda na bei inaweza ikashuka.

Pa kuwa makini ni kwenye maandishi. H. mbele ya jina la mwanaume na Hj. ya mwanamke inaandikwa kwenye kadi za harusi, kwenye mabango ya uchaguzi, kwenye bango la duka, na hiyo ni ya aliyeenda Makka msimu wa hija, aliyeenda umra haijamhusu. Na inabebwa kwa uzito kwa sababu sio rahisi kuipata, mwaka 2025 Indonesia ilipewa nafasi 221,000, nyingi kuliko nchi yoyote, na bado foleni kwenye mikoa mingi inapita miaka 20, mtu anaweka akiba kidogo kidogo, mkulima anauza kipande cha shamba, anajiandikisha ana nywele nyeusi anaondoka zimeshakuwa nyeupe. Sasa huyo akirudi ukamwita Pak bila Haji kijijini kwake umemnyang'anya kitu. Kwa Wabugis ndo zaidi, anakuwa Puang Aji, na mama aliyehiji utamjua kwa kilemba chake tu kabla hata hujaambiwa.

Mama kwa kuwa umeuliza niongeze na hili, maana litakufikia tu mtandaoni. Kuna maneno yanazunguka sana kule kwamba cheo cha haji kilibuniwa na Waholanzi ili wawatambue wakorofi wakirudi kutoka Makka. Sio kweli. Kweli ni kwamba Waholanzi waliwaogopa mahujaji, na mwaka 1859 walitoa amri kwamba anayerudi ahojiwe na wakubwa wa wilaya kama kweli kafika Makka, akifaulu ndo aruhusiwe kujiita haji na kuvaa mavazi ya haji. Lakini cheo kilikuwepo zamani, Banten, magharibi mwa kisiwa cha Java, kulikuwa na mfalme karne ya 17 anajulikana mpaka leo kama Sultan Haji, na mwaka 1803 mahaji watatu walirudi Minangkabau wakaanzisha vuguvugu lililokuja kuwa vita vya Padri. Waholanzi walijaribu kukifanya cheo cha watu kiwe kibali cha ofisi, wakapita, na watu wakabaki na cheo chao.

SWALI (msomaji, Lamu): Dada assalaam aleikum. Huku kwetu tuna masharifu, kizazi cha Mtume, na tumelelewa na historia ya Habib Swaleh wa msikiti wa Riyadha. Nimeona video nyingi za Indonesia watu wanakimbilia kumbusu mkono kijana mdogo wanamwita Habib. Ni hawa hawa wetu? Na kila sharifu kule ni Habib?

JIBU: Wa aleikum salaam. Ndio, ni hawa hawa, na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Ukoo ni ule ule wa Ba Alawi wa Hadhramaut, Yemen, waliosafiri na bahari, wengine wakashukia Lamu, Mombasa, Unguja, Komoro, wengine wakaendelea mpaka Java na Sumatra, ndo maana majina kama al-Habshi na al-Attas utayakuta pande zote mbili. Halafu angalia hii, ile maulidi ya Habshi inayosomwa Riyadha kwenu ilitungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, na mtoto wake alihamia Surakarta, ambayo watu wanaiita Solo, na kule Solo upo msikiti unaitwa Riyadh, na maulidi ni hiyo hiyo, na kila mwaka mwezi wa mfungo saba watu wanafurika kwenye kumbukumbu ya Habib Ali mpaka barabara zinafungwa. Mtu wa Lamu akiingia pale siku hiyo hatohitaji mkalimani kwenye kasida, ataitikia tu.

Kuhusu nani ni Habib. Wazee wanasema zamani Habib alikuwa ni sharifu aliyefikia kitu, ana elimu, ana umri, ana tabia, waliobaki ni sayid au kwa jina tu, mwanamke ni syarifah, na bibi mzima anaitwa hababah. Siku hizi imelegea, kijana wa miaka 20 akiwa wa ukoo na ana kipaza sauti tayari ni Habib, kwa kifupi "Bib", na wanaofuatilia nasaba wana taasisi ya Rabithah Alawiyah ya Jakarta tangu 1928, inayotunza vitabu vya koo. Na uelewe kwamba miaka ya karibuni kumeibuka ugomvi mzito, wapo makiai wanaohoji hiyo nasaba hadharani, wanataka hadi vipimo vya DNA, mahabib na wapenzi wao wanajibu, mitandao inawaka. Wewe kama mgeni wa ukoo au sio wa ukoo usijitie humo. Mtu akitambulishwa kwako kama Habib mwite Habib, umempa adabu ya kawaida ya pale, hujatoa hukumu ya nasaba ya mtu. Na kama wewe mwenyewe ni sharifu usianze kujitaja, subiri wakuulize jina la ukoo, na wakilisikia utaona wenyewe watakavyobadilika.

SWALI (msomaji wa kike, Nairobi): Sasa dada. Kuna kijana wa Bandung tumejuana Instagram kwa mambo ya kusoma Kurani. Kila saa ananiandikia "afwan ukhti" (samahani dada), "syukron ukhti" (asante dada), anajiita ana na mimi ananiita antum. Kiarabu nakijua cha madrasa na najua antum ni watu wengi, niko peke yangu. Ananichezea ama ndio adabu yao?

JIBU: Ni adabu, ila ni adabu ya kundi fulani, sio ya Waindonesia wote. Miaka ya 80 wakati wa utawala wa rais Suharto wanafunzi wa vyuo vikuu, hasa kwenye misikiti kama Salman ya chuo cha teknolojia hapo hapo Bandung, walianza vikundi vidogo vya kusoma dini, na kumbuka tangu 1982 mpaka 1991 kanuni za sare zilikuwa zinawabana wasichana wa shule za serikali wasivae hijabu darasani, wengine wakafukuzwa. Ndani ya hali hiyo wakaanza kuitana akhi na ukhti, kaka na dada, na ilikuwa na maana nzito, kwamba hata kama shule imenitema hapa nina ndugu. Ana ikawa mimi, antum ikawa wewe wa heshima, na wengi walioipokea hawakuipokea kwenye kitabu cha sarufi, waliipokea kwa wenzao, kwa hiyo kukusemesha mmoja kwa wingi kwao ni kukukuza. Utasikia hata "akhwat mmoja" yaani msichana mmoja, wakati akhwat kwa Kiarabu ni wingi. Baadaye ikaja lile wimbi la hijrah, yaani kurudi kwenye dini, mitandaoni, mastaa wa filamu wanaacha kazi wanavaa hijabu, na ukhti ikasambaa kwa kila mtu.

Sasa kuhusu huyo kijana. Neno lenyewe kazi yake ni kuweka ukuta, kwamba wewe ni dada yangu kwenye dini na mazungumzo yetu yabaki hapo. Lakini ukuta wa neno ni mwepesi jamani, wasichana wa Indonesia wenyewe wanalalamika kwamba wapo wanaoanza na afwan ukhti na kumaliza wanaomba picha. Usimpime kwa ukhti, mpime kwa anachouliza na saa anayouliza. Akianza kuuliza usiku wa manane umevaa nini hapo haijalishi ameanza na bismillahi.

Na wewe sio lazima umjibu akhi. Mtu wa Bandung ni Msunda, kaka kwao ni Kang au Aa. Aa ni ya mapenzi ya nyumbani zaidi, japo mhubiri mkubwa wa Bandung Abdullah Gymnastiar nchi nzima inamwita Aa Gym, kama vile mhubiri mama wa runinga anavyoitwa Mamah Dedeh, watu walivutwa hasa kwa sababu hawakujiweka juu, mmoja kaka mwingine mama. Ila msichana akimwandikia kijana Aa inboksi inaweza ikasomeka vingine, sema Kang. Na santri wengi wa Java hawana kabisa hayo ya ana na antum, wao wanaitana Kang na Mbak, kaka na dada, na dini yao imetulia tuli.

SWALI (msomaji, Moshi): Tumsifu Yesu Kristo. Parokiani kwetu tuna padre kutoka kisiwa cha Flores, tunampenda sana. Kwao Wakristo ni wachache eti? Na wao wanawaitaje mapadre na masista, au na wao wanatumia Kiarabu?

JIBU: Milele amina. Kwa nchi nzima Wakristo ni wachache kwa asilimia, lakini Flores ni Wakatoliki watupu karibu kisiwa chote, na seminari ya Ledalero karibu na mji wa Maumere ni kati ya kubwa kabisa duniani, inapeleka wamisionari kila bara, huyo padre wenu ni mmoja wa wengi. Kule padre ni Pater, mseminari ni Frater, bruda ni Bruder, sista ni Suster, athari za wamisionari wa Ulaya, na Suster ni hospitali pia, nesi yeyote hata Mwislamu anaitwa Suster, kama sisi tu tunavyoita manesi sista. Askofu ni Bapa Uskup. Na mashariki kule wazee ni Bapa na Mama, ukifika Flores ukamwita mama wa watu Mama hutoona umesafiri.

Java padre ni Romo, ni Kijava, baba wa heshima, na la kupendeza ni kwamba hata makiai wa Java Mashariki wanaitwa Romo Yai, yaani neno moja linamtosha padre na kiai na hakuna anayegombania. Yogyakarta ukisema Romo Mangun kila mtu mzima atakuelewa, ni padre Mangunwijaya, msanifu majengo, alikaa na watu maskini wa bonde la mto Code na kuwatetea wasibomolewe, alifariki 1999, na Waislamu wa pale nao wanamwita Romo Mangun. Walutheri wa Kibatak Sumatra mchungaji wao ni Amang Pandita, kwingine ni Pak Pendeta au Bu Pendeta. Kuhusu Kiarabu, Mungu kwa Wakristo wa Indonesia ni Allah, tangu Injili ya Mathayo ya Kimalay ya mwaka 1629, ila wanalitamka tofauti kidogo na Waislamu, na pale Mwislamu anaposema alhamdulillah Mkristo anasema puji Tuhan. Mwambie Pater wenu puji Tuhan Jumapili uone uso wake.

SWALI (mshereheshaji, Dar es Salaam): Dada nina shughuli ya wageni kutoka Indonesia, serikali na wafanyabiashara. Nimeona viongozi wao wakianza hotuba wanasalimia dakika nzima. Nami nisalimie vipi?

JIBU: Hiyo salamu ni ndefu kwa sababu dini zinazotambuliwa ni sita. Wanaanza Assalamualaikum warahmatullahi wabarakatuh, halafu salam sejahtera bagi kita semua ambayo Wakristo, Waprotestanti na Wakatoliki wanaohesabiwa dini mbili, wanaichukua kuwa yao, Om swastyastu ya Wahindu wa Bali, Namo Buddhaya ya Wabudha, na Salam kebajikan ya Wakonfusio, hawa walirudishiwa uhuru wao mwaka 2000 na huyo huyo Gus Dur. Sisi viongozi wetu si wanaanza na Assalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, ni wazo lile lile. Ila ujue kule ina mjadala, Mei 2024 mkutano wa maulamaa wa Baraza la Ulamaa, kule Bangka Belitung, ulisema kuchanganya salamu za dini zote sio uvumilivu unaoruhusiwa kwa Mwislamu, na Wizara ya Dini ikaitetea salamu hiyo kwamba ni njia ya watu kuishi pamoja. Mimi niko upande wa wizara, nimekaa kwenye kumbi ambazo mtu mmoja wa Bali kati ya watu mia anasikia Om swastyastu na uso wake unafunguka, na sioni Mwislamu gani alipungukiwa imani hapo.

Lakini wewe sio kiongozi wao, usiikariri yote ukaikosea. Sema assalamualaikum na salam sejahtera, halafu Bapak-bapak dan Ibu-ibu, uendelee na Kiswahili chako. La muhimu zaidi ni majina. Omba orodha ya wageni mapema kwa katibu wao na usome kila jina kama lilivyoandikwa, K.H. isome Kiai Haji, Hj. isome Hajah, na ukikuta jina halina kitu mbele, hata kama mwenyewe amekuja na kofia nyeupe na tasbihi mkononi, mtangaze Bapak tu.